Utafiti wako wa kwanza wa afya na jamii: anza na neno, dodoso lisubiri

Kila unapofika muhula wa kuandika mapendekezo ya utafiti, simu yangu hujaa maswali yale yale. "Dada, mimi ni wa sosholojia, nataka mada ya afya, nitaweza bila baiolojia?" "Watu wangapi wanatosha?" "Barua naanzia wapi?" "Msimamizi kasema mada yangu ni pana, niipunguzeje?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo majibu yote nayaweka hapa.

La kwanza nilimalize sasa hivi: baiolojia ya kidato cha nne inakutosha. Hutibu mtu wala hupimi damu. Unachunguza watu wanavyoutambua ugonjwa, wanavyouita, nani anaamua mgonjwa apelekwe wapi, na fedha inatoka mfuko gani. Ila kaa jioni moja usome ugonjwa wako kwa upande wa kitabibu, usije ukakaa mbele ya mganga mkuu wa wilaya hujui malaria inaenezwa na nini.

Mfano nitakaoutumia hadi mwisho ni degedege, katika vijiji vya Pwani ya Tanzania. Wewe weka wako.

Uwe na vitu hivi kabla hujaondoka

- Wiki sita za kukaa uwandani. Nne zinaweza kutosha kama ni karibu na chuo na unaweza kurudi. Wiki moja ni ya kusalimiana tu.
- Daftari mbili: dogo la mfukoni na kubwa la usiku. Chukua na penseli, kwa sababu wino ukinyeshewa unakimbia.
- Simu inayorekodi vizuri, yenye nafasi, na pawabenki.
- Fomu ya ridhaa ya Kiswahili, ukurasa mmoja. Msomee kwa sauti mtu asiyewahi kukanyaga chuo. Akikuuliza "maana yake nini?" mara mbili, iandike upya.
- Nauli, vocha, na akiba kidogo ya kununulia sabuni au sukari kwa wenyeji wako. Usisubiri bumu (fedha ya mkopo wa wanafunzi) litoke ndiyo uanze kupanga. Linachelewa siku hizo hizo unazolihitaji.
- Mavazi ya kuingilia nyumba za watu. Kwa dada, kanga mbili zitakusaidia kuliko barua yoyote.
- Msimamizi anayepokea simu. Kama hapokei ukiwa chuoni, ukiwa kijijini ndiyo kabisa.

Hatua ya 1: Tafuta neno, si mada

"Mtazamo wa jamii kuhusu malaria kali katika Wilaya ya..." Mada ya namna hii hufa mapema, kwa sababu hakuna mtu anayeamka asubuhi na mtazamo kuhusu malaria kali. Anaamka na mtoto anayechemka.

Nalisema hili kwa uchungu. Utafiti wangu wa kwanza niliufanya kwa dodoso la kudesa, lililotafsiriwa kutoka Kiingereza. Swali la saba lilisema: "Je, mtoto wako amewahi kuugua malaria kali?" Nilizunguka na jua la Pwani nyumba thelathini na mbili, na karibu wote walijibu hapana. Nikafurahi, nikidhani nimegundua kijiji kisicho na malaria kali. Siku ya kufunga begi, bibi niliyekuwa nalala kwake aliniuliza, "Mjukuu wangu, mbona siku zote hizo hukuuliza degedege?" Kwake, na kwa wale thelathini na wawili, malaria ilikuwa homa. Degedege ni jambo jingine kabisa, lina chanzo chake na watu wake wa kulitibu.

Tafiti zilizofanywa Bagamoyo miaka ya 1990 zilishaonyesha hivyo hivyo: homa huonekana ugonjwa wa kawaida wa hospitali, na degedege huhusishwa na shetani au dege linalompitia mtoto, ndiyo maana huanzia kwa mganga. Kama ningesoma kabla ya kupanda basi, ningejua. Na angalia jambo moja la kuchekesha kidogo: matangazo ya afya nayo hulitumia neno degedege, lakini kama dalili ya malaria kali. Mtaani ni ugonjwa. Muuguzi na mama wanaweza kulitaja neno hilo hilo mezani pamoja, kila mmoja na lake kichwani, wakaagana kwa amani.

Kwa hiyo tafuta neno la kwenu. Baadhi ya yanayofaa: *kubemenda* (mtoto anadhoofu, lawama inaangukia wazazi kwamba wamekutana kabla hajaacha ziwa), *kimeo* (kikohozi kisichoisha, watu wanatafuta fundi wa kukikata), *meno ya plastiki* (mtoto anaharisha au ana homa, lawama inaangukia vijino kwenye fizi), *chango* (maumivu ya tumbo), *presha*, *sukari*, *mkono wa mtu* (ugonjwa unaosemwa umetokana na kurogwa). Kila moja lina mabishano ndani yake. Neno lisilobishaniwa halina utafiti.

Hatua ya 2: Lifanye neno kuwa swali dogo

Swali zuri linataja nani, wapi, na anafanya nini. Mfano: "Mtoto akishikwa na degedege katika kitongoji hiki, nani huamua apelekwe wapi kwanza, na uamuzi hubadilika lini?" Hilo unaweza kulijibu kwa wiki sita.

Epuka swali la "je, dawa hii inaponya?" Hilo si lako. Mwaka 2011 watu kwa maelfu walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha Mchungaji Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500. Kama dawa ilifanya kazi mwilini, hilo ni swali la maabara. Yako yangekuwa haya: nani alikulipia nauli iliyozidi bei ya kikombe mara nyingi? Nani nyumbani alikuambia nenda, na nani alikukataza? Vidonge ulivyokuwa unameza uliviacha lini? Kwa nini kikombe kilifaa kikitoka mkononi mwake tu? Ona tofauti. Maswali haya mtu anaweza kuyajibu akiwa amekaa kwenye mkeka wake.

Hatua ya 3: Soma kidogo, lakini uelewe

Nadharia usiirundike. Vitu vitatu vitakufikisha.

Kwanza, ugonjwa una sura zaidi ya moja: anaouona daktari, anaouhisi mgonjwa, na ule jamii inaoukubali kiasi cha kumpa mtu ruhusa ya kutokwenda shamba. Pili, maswali ya Arthur Kleinman, daktari wa akili na mwanaanthropolojia wa Marekani, aliyoyatoa na wenzake mwaka 1978: unauitaje, ulianzaje, kwa nini ulianza wakati ule, unafanya nini mwilini, unaogopa nini zaidi, ungependa tiba gani. Tatu, kazi ya mwanaanthropolojia John Janzen huko Kongo ya Chini, magharibi mwa Kongo ya Kinshasa, iliyoonyesha kwamba mgonjwa hachagui tiba peke yake. Ndugu hukaa, hujadili, ndipo anapopelekwa. Ukiishi Tanzania hilo unalijua tangu utotoni. Sasa una mtu wa kumnukuu.

Hatua ya 4: Barua, kwa mpangilio wake

Hapa ndipo wengi hupoteza wiki mbili. Anza mwezi mmoja kabla.

Utafiti wa afya unaogusa watu unahitaji kibali cha maadili. Uliza idara yako kama kamati ya chuo inatosha au lazima uende NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu; jibu hutegemea chuo na aina ya utafiti, na ukipeleka mahali pasipo pake unarudi mwanzo. Ukiwa Zanzibar utaratibu ni wa kwao peke yao, na Kenya utapitia NACOSTI, tume yao ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu.

Halafu barua ya chuo inashuka ngazi: mkoa, wilaya au halmashauri, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji au mtaa, kisha mwenyekiti wa kitongoji. Kila ofisi itaandika yake au itagonga muhuri kwenye ile ya juu. Toa kopi kumi mjini, stesheneri ya kijijini inategemea umeme. Na usiruke ngazi hata kama mwenyekiti ni mjomba wako. Mtendaji aliyerukwa hatakukatalia. Atakuambia "subiri kidogo", na hiyo ni mbaya zaidi.

Kama utakaa zahanati au kituo cha afya, pata na barua ya mganga mkuu wa wilaya.

Hatua ya 5: Wiki ya kwanza usiulize kitu

Najua unaona muda unakwenda. Tulia. Salimia, shikamoo kwa kila anayestahili, jitambulishe kwa jina na ukoo, useme unalala kwa nani. Saidia kuchambua mchele. Nenda siku ya kliniki ukae kwenye benchi na akina mama, uone nani amekuja na nani na wanaongea nini kabla ya muuguzi kufika. Kaa karibu na duka la dawa muhimu jioni usikilize watu wanavyoomba dawa: wapo wanaotaja jina la dawa, wapo wanaotaja ugonjwa, wapo wanaosema "nipe zile za juzi".

Andika maneno tu. Mwisho wa wiki uwe na orodha ya maneno hamsini ambayo watu wenyewe wameyatumia. Maswali yako ya wiki ya pili yatoke humo.

Kaka zangu, kuna jambo lenu. Mwanaume kijana hawezi kuingia nyumba kwa nyumba kuuliza habari za uzazi na kunyonyesha. Tafuta mtu wa kukuongoza, mama mtu mzima anayeheshimika. Watakupendekezea mhudumu wa afya wa jamii. Mpokee kwa shukrani, akutambulishe, kisha akuache. Akibaki amekaa pembeni, kila mama atajibu kama bango la zahanati.

Hatua ya 6: Omba kisa, usiombe maoni

Soma fomu ya ridhaa, mpe nafasi ya kukataa, omba ruhusa ya kurekodi. Kisha sema kitu kama hiki: "Mama, nisimulie tangu siku ile mtoto alipoanza kubadilika, mpaka alipopona." Nyamaza.

Kisa kina mpangilio wake na hakidanganyi kirahisi. Ukiuliza "mtoto akiwa na degedege unampeleka wapi?" utaambiwa hospitali, na nyote wawili mnajua kwa nini. Ukiomba kisa, utasikia: alipanguswa kwa maji, bibi akaja na mafusho, shangazi akaita fundi (mganga wa degedege), usiku wa manane ndipo bodaboda ikatafutwa. Wewe kazi yako ni kurudisha nyuma: "Hapo fundi alipoitwa, nani alisema aitwe?" "Baba yake alikuwa wapi?" "Fedha ilitoka wapi?"

Angalia: "kwa nini" inasikika kama mashtaka. Badala ya "kwa nini hukwenda hospitali?" sema "ilikuwaje siku hiyo?"

Idadi? Kwa shahada ya kwanza, watu 15 hadi 20 waliosimulia kwa kina ni kazi nzuri. Changanya: mama, bibi, baba, fundi, muuguzi, muuza dawa. Utajua umefika pale kisa kipya kinapokuwa hakikustui tena.

Na hili halina mjadala. Ukikuta mtoto anashindwa kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, amepoteza fahamu au yumo kwenye degedege lenyewe, acha kurekodi, utafiti umeisha kwa siku hiyo. Saidia afike kituo cha afya sasa hivi, hata kwa nauli yako. Namba ya bodaboda na ya zahanati ziwe kwenye simu tangu siku ya kwanza.

Hatua ya 7: Andika usiku huo huo

Asubuhi utakumbuka ulichoelewa, utakuwa umesahau kilichosemwa. Hii ni nakala ya ukurasa wangu mmoja, herufi za watu nimezibadilisha:

*Jioni, barazani kwa Mama Z. Hasemi mtoto "aliugua", anasema "alistuka". Akaigiza: macho juu, vidole vimekunjika. Shangazi wa mume ndiye aliyesema asipelekwe kudungwa sindano, atakufa. Mume alikuwa baharini. Bodaboda 3,000, ndani ilikuwepo 1,500. Mtoto wa jirani mwaka jana alidungwa akafa pale pale. (Kesho: shangazi. Halafu jirani.)*

Mistari sita tu. Mwanafunzi mwenye haraka angeisoma na kuandika "imani potofu kuhusu sindano". Tafadhali, neno hilo lifute kwenye kompyuta yako. Soma tena. Yule mtoto wa jirani alifikishwa akiwa mahututi, akadungwa, akafa. Watu waliona sindano, halafu wakaona kifo. Hofu ya shangazi imetokana na jambo aliloliona kwa macho. Tena hata asingeogopa, nauli ilikuwa nusu na mwenye kauli yuko baharini. Ukiita yote hayo imani potofu umeutupa utafiti wako.

Hatua ya 8: Sikiliza, andika neno kwa neno, panga

Saa moja ya sauti itakula saa tano au sita za kuandika, zaidi kama jogoo waliwika. Andika kwa Kiswahili kilivyosemwa, pamoja na "aah" na vicheko. Usinyooshe lugha ya watu iwe ya gazeti.

Kisha chukua kalamu za rangi, au programu kama unayo, uweke alama kila wanapogusa jambo moja: aliyeamua, fedha, sindano, usiku. Kwa kila kisa chora mstari wa tiba: nyumbani, duka la dawa, fundi, zahanati, tena kwa fundi. Bandika mistari yote ukutani. Sura ya matokeo utaiona pale, mara nyingi kabla hujafungua kompyuta.

Hatua ya 9: Kuandika kwa Kiingereza bila kuua maneno

Tasnifu nyingi zetu zinaandikwa kwa Kiingereza, na hapa kazi nzuri huharibika mwishoni. Ukitafsiri degedege moja kwa moja kwa neno la kitabibu, umemrudishia daktari ugonjwa ambao mama hakuusema. Acha neno kwa Kiswahili, lieleze mara ya kwanza kwa aya nzima, kisha litumie hivyo hadi mwisho. Homa nayo uichunge: mtu mmoja anaitumia kwa joto la mwili, mwingine kwa malaria, na pengine ni mtu huyo huyo ndani ya sentensi mbili. Dondoo muhimu weka lugha zote mbili.

Mambo yakikwama

*Wanadhani mimi ni daktari, wananionyesha vidonda.* Sema mapema na urudie: mimi ni mwanafunzi, sitibu. Usivae koti jeupe hata upewe bure. Usitoe panadoli.

*Wanaomba fedha.* Mtu aliyeacha kibarua kukusikiliza ana haki ya kuuliza. Kiasi cha fidia na namna ya kutoa viwe vimeandikwa kwenye kibali cha maadili, vilingane kwa wote. Sabuni mwishoni mwa mazungumzo, isiwe chambo mwanzoni.

*Kila mtu ananijibu "tunaenda hospitali".* Wanakuona wa serikali. Angalia umeingia na nani, na faili lako lina nembo gani. Rudi hatua ya 5 kwa siku tatu, kisha uliza kisa cha mtoto wa zamani, hata wa miaka kumi iliyopita. Mambo ya zamani hayana aibu.

*Mume au mama mkwe anakaa hapo hapo na kujibu yeye.* Usimfukuze. Mhoji yeye kwanza, kwa heshima zote, umalize. Mama utamkuta kisimani au kliniki.

*Mganga hataki kuzungumza.* Pengine anaogopa unaiba dawa, au unachunguza usajili wake. Tangu sheria ya mwaka 2002 waganga wanatakiwa kusajiliwa, na si wote wamefanya hivyo. Mwambie majani hutaki kuyajua majina. Uliza wagonjwa huja na nani, saa ngapi, na ni wakati gani yeye mwenyewe husema "huyu mpelekeni hospitali". Swali hilo la mwisho wengi hulipenda, na majibu yake ni dhahabu.

*Msimamizi anasema watu 18 ni wachache.* Mwonyeshe mistari ya tiba ukutani. Akikomaa, ongeza watano wa aina uliyokosa, si watano wowote.

*Rekodi imepotea.* Ilishanitokea mimi, simu ilizama ndani ya ndoo. Ndiyo sababu ya daftari la usiku. Andika kwenye tasnifu kwamba kisa hicho kinatokana na kumbukumbu za maandishi, na usibuni dondoo.

*Nitapata kazi?* Miradi ya utafiti wa afya, kama ile ya Taasisi ya Afya Ifakara au MUHAS (chuo kikuu cha afya cha Muhimbili), huhitaji watu wa kuhoji na kuandika sauti kwa Kiswahili safi. Kuandika sauti ndiyo mlango wa kuingilia. Ila kabla hujapokea faili uliza malipo ni kwa saa ya sauti au kwa saa ya kukaa mezani. Mimi sikuuliza, nikalipwa saa moja kwa kazi ya sita.